Muulize Mjomba: Niende Uholanzi au India kusomea uzazi wa ng'ombe?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni afisa mifugo wa kata huku Kanda ya Kati. Nina stashahada ya afya ya mifugo na uzalishaji, na baadaye nilipata mafunzo ya uhimilishaji, yaani kumpa ng'ombe mimba kwa mbegu ya dume iliyohifadhiwa, kule Usa River. Nimeolewa, tuna mtoto mmoja wa miaka miwili. Nimepata nafasi mbili za kwenda kusoma nje ya nchi, na kila ninayemuuliza ananijibu anachokipenda yeye.

Nafasi ya kwanza ni India. Ni kozi ya wiki nane na serikali yao inalipa kila kitu: nauli, malazi, chakula na pesa kidogo ya matumizi. Wanafundisha uhimilishaji, kupima mimba, magonjwa ya uzazi na utunzaji wa mbegu za madume. Ya pili ni Uholanzi, karibu mwaka mzima. Cheti chake ni kikubwa zaidi, na ndani yake kuna uhawilishaji wa viinitete (mimba changa za ng'ombe bora kupandikizwa kwa ng'ombe wengine) na upimaji wa vinasaba. Hawa wanalipa ada tu. Nauli na sehemu kubwa ya gharama za kuishi ni juu yangu. Nimeulizia benki, mkopo unapatikana kwa dhamana ya mshahara, ila nitakatwa miaka minne.

Mkuu wangu wa idara anasema niende Ulaya. "India kuna nini? Ng'ombe kama wale hata sisi tunao." Mume wangu naye anaona Uholanzi ndiko kwenye jina, na yuko tayari tubanane na mkopo. Mama mkwe hataki hata moja. Anasema kazi ya kuingiza mkono kwenye ng'ombe imeshamtia aibu ya kutosha hapa kijijini, sasa niivushe mpaka bahari?

Mjomba, kinachoniuma zaidi ni kazi yenyewe. Wafugaji wangu wengi wana ng'ombe wa asili, makundi ya hamsini hadi mia. Mwaka jana tuliendesha kampeni ya kuwachoma sindano ng'ombe waingie joto kwa pamoja, kisha tukawahimilisha. Walioshika mimba walikuwa wachache mno. Mzee mmoja akaniambia mbele ya mkutano, "Binti, dume langu halijasoma, lakini halikosei." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, ila usiku sikulala. Tangu hapo naona elimu niliyonayo haitoshi, ndiyo maana roho inanivuta Uholanzi.

Tena kuna mwenzetu alikwenda nje miaka ya nyuma. Akarudi na picha nyingi na begi zuri, kisha akahamishiwa makao makuu. Mtungi wa naitrojeni wa kugandishia mbegu aliouacha sasa hivi tunakalia. Sitaki nami niishie hivyo.

La mwisho ni baba yangu mzazi. Ana mitamba mizuri ya asili, majike ambao hawajazaa, na anasubiri nirudi na "mbegu ya Kizungu" aipandishe yote. Nimwambieje?

Mhimilishaji, Kanda ya Kati

Marahaba mpwa wangu.

Nenda India. Mkopo waachie benki wenyewe.

Mkuu wako amekutajia sababu bila kukusudia. Ng'ombe wa India wanafanana na wa kwetu, na hiyo ndiyo faida yake. Mtu husomea ng'ombe atakaowakuta akirudi. Ng'ombe wa maziwa wa Uholanzi hutoa kwa wastani zaidi ya kilo 9,000 za maziwa katika msimu mmoja wa kukamuliwa. Nyuma ya kilo hizo kuna daftari la ukoo wa ng'ombe lililoanzishwa 1874, kuna ubaridi, kuna majani yaliyovundikwa ya kulisha majira yote ya baridi, na kuna mfugaji anayejua kila ng'ombe wake kazaa lini, mama yake alitoa lita ngapi na bibi yake lita ngapi. Upimaji wa vinasaba umejengwa juu ya hayo. Sampuli ya ndama inalinganishwa na kumbukumbu za maelfu ya ng'ombe ambao maziwa yao yalikwisha kupimwa, ndipo mtaalamu anapata namna ya kukadiria ndama huyo atakuwa nani. Katika kata yako nani ameandika hata tarehe ya kuzaa? Utarudi na ustadi wa kusoma kitabu ambacho huku bado hakijaandikwa.

Sasa itazame India. Tangu 1998 ndiyo inayoongoza duniani kwa wingi wa maziwa, na maziwa hayo kwa sehemu kubwa hutoka kwa mamilioni ya watu wenye ng'ombe au nyati wa kufugwa wawili watatu nyuma ya nyumba. Ushirika wa Anand kule Gujarat, ulioanza 1946, ulijengwa na wakulima wa namna hiyo. Nenda kaangalie jinsi mhimilishaji anavyofika mlangoni kwa mfugaji, nani anamwita, nani anamlipa, naitrojeni inamfikia siku gani, na nani anarudi kuuliza kama mimba imeshika. Hayo hayamo kwenye mada za darasani, lakini ndiyo yatakayokusaidia kuliko darasa lenyewe. Halafu kuna ng'ombe wenyewe: Sahiwal, Gir, Red Sindhi. Wana nundu na ngozi iliyolegea, wanavumilia jua na kupe, na wanakamulika.

Mkuu wako akibisha, mpeleke Mpwapwa, wala si mbali na kwenu. Ng'ombe wa Mpwapwa ana damu nyingi ya Sahiwal na Red Sindhi za Bara Hindi, iliyochanganywa na ng'ombe wetu wa asili, Boran na damu kidogo ya Ulaya. Wabrazili nao walipita njia hiyo. Nelore wao asili yake ni Ongole wa India. Girolando wao wa maziwa ni sehemu tano za Holstein, ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, kwa tatu za Gir, maana waliona Holstein mtupu hawezi lile joto lao.

Ungekuwa Njombe au Rungwe, kwenye baridi, kwa watu wanaofungia ng'ombe bandani na kuotesha majani ya tembo na Guatemala, ningekujibu vingine. Huko Uholanzi ina maana. Wewe uko kwenye nchi ya vichaka na mvua ya msimu mmoja.

Lakini usiende ukidhani India ni pepo. Majimbo mengi ya huko yanazuia kuchinja ng'ombe, kwa hiyo somo la kumwondoa zizini ng'ombe asiyezaa hutalipata sawasawa, na kwa wafugaji wako hilo ni nusu ya kazi. Tena wa kwao wengi wamefungwa kamba. Hakuna kundi la mia linalokutana kisimani na madume ya kijiji kizima. Kwako unaweza kumhimilisha ng'ombe asubuhi, jioni akapandwa na dume la jirani, na ndama akazaliwa na rangi ya jirani yule yule. Kisha wewe ndiye unayeitwa tapeli. Dawa yake haiko India wala Uholanzi, ni bardizo, lile koleo la kuhasia. Madume yasiyofaa yahasiwe mapema, kwa makubaliano ya kijiji, ndipo mbegu yako ionekane.

Nije kwenye kampeni yenu, maana naona ndiyo iliyokuvunja moyo. Sidhani kama kilichokosekana ni elimu yako. Kama mlitumia homoni ya prostaglandini, ambayo ndiyo inayotumika sana, sindano ile haiumbi joto pasipokuwa na kitu. Inakiyeyusha kile kiuvimbe cha njano kinachobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka, na hapo ng'ombe anaanza mzunguko upya. Ng'ombe ambaye ovari zake zimelala hana kiuvimbe hicho, kwa hiyo umemchoma bure. Na ni nani ambao ovari zao hulala? Ni yule aliyezaa karibuni, ananyonyesha, na mbavu zake unazihesabu ukiwa barabarani.

Kwa hiyo swali langu kwako ni kwamba kampeni ilifanyika mwezi gani. Ukiniambia Septemba au Oktoba, nimeshaelewa, kwa sababu ndiyo miezi fedha za miradi hufika, na ndiyo miezi ng'ombe wa Kanda ya Kati hubaki fremu. Mvua yenu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukata Aprili. Ng'ombe hushika mimba anaponenepa. Hamisha kampeni iwe Februari hadi Mei, wachague walio na mwili, waliokwisha kupita miezi miwili tangu wazae, na wapime kwa mkono mmoja mmoja kabla ya sindano. Hapo kwenye kupima usifanye mchezo. Ng'ombe mwenye mimba changa akichomwa prostaglandini huitupa, na mzee wa kwanza atakayepoteza mimba kwa sindano yako hatakusamehe, wala mimi sitamlaumu.

Dume la yule mzee halikosei kwa sababu linalala zizini. Ng'ombe huingia joto takriban kila siku 21, na wa asili joto lake laweza kudumu saa kumi tu, mara nyingi usiku, na dalili zenyewe hafifu. Dume liko pale pale. Wewe uko kata ya pili, pikipiki haina mafuta na simu ya mchungaji haina chaji. Kanuni uliyofundishwa Usa River bado ni ile ile: aliyeonekana asubuhi ahimilishwe jioni, aliyeonekana jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi. Ila ni lazima kwanza kuwe na mtu aliyemwona.

Huyo mtu si mzee mwenye kundi. Ni kijana anayechunga, na ni mama anayekamua. Mama ndiye anayeona ng'ombe amepunguza maziwa ghafla, hatulii, ute mwangavu unaning'inia nyuma. Afisa wa kiume akifika boma lile hupewa kigoda akae na wazee, na taarifa ya joto inabaki jikoni. Wewe unaingia mpaka jikoni. Hao akina mama na vijana wafundishe dalili, waachie namba yako, na anayekupigia simu ng'ombe akashika mimba mshukuru hadharani. Kwa kata yako hilo litazaa mimba nyingi kuliko viinitete.

Na kwa kuwa viinitete vimekuvutia, nikwambie kidogo. Ng'ombe mama bora huchomwa homoni siku kadhaa ili atoe mayai mengi, anahimilishwa, na siku ya saba viinitete vinavunwa kwa kuosha mfuko wa uzazi, kisha vinapandikizwa kwa ng'ombe wengine. Kwa wastani hupatikana vitano au sita vya kufaa, na kuna ng'ombe wasiotoa hata kimoja. Kila mpokeaji lazima awe kwenye siku ile ile ya mzunguko aliyo mama. Ni teknolojia nzuri kwa kituo cha taifa au ranchi inayotaka kuzidisha koo chache bora. Kwenye kata ambayo ng'ombe huchukua miezi 18 hadi 24 kati ya ndama mmoja na mwingine, ukinitajia viinitete nitakuuliza kwanza mabua ya kuwalisha yako wapi.

Kabla hujakubali hiyo ya India, waandikie waratibu na uwaulize jambo moja: kwa wiki hizo nane, mimi mwenyewe nitaingiza mkono kwa ng'ombe wangapi? Kozi za wageni zina ugonjwa wa kujaa slaidi, ziara na picha ya pamoja. Mkono wa mhimilishaji haujifunzi kwa slaidi. Wakikujibu kwamba ni ng'ombe wawili kwa darasa zima, omba uongezewe siku za shambani, au uliza kama wana viungo vya uzazi vya kufanyia mazoezi. Tia mkazo kwenye ugumba na kupima mimba. Kuhimilisha unakujua. Kujua kwa nini ng'ombe huyu amerudia mara tatu, kama ni usaha kwenye mfuko wa uzazi, au ovari, au ni njaa tu, hapo ndipo wengi wetu tunabahatisha.

Halafu huo mtungi mnaoukalia. Naitrojeni ya kimiminika iko nyuzi 196 chini ya sifuri, na inavukiza usiku na mchana hata kama kifuniko hukukigusa. Ikiisha, mbegu zimekufa. Ukijaza tena kesho yake utaona mirija ya mbegu imekaa vile vile, rangi zake nzuri, namba za dume zinasomeka, na utahimilisha maiti mwaka mzima. Mwenzenu huenda hakuwa mvivu. Huenda hakuna aliyeweka fedha ya kuujaza. Kwa hiyo, kabla hujafungasha begi, mwombe mkuu wako barua yenye mambo mawili: kwamba naitrojeni imo kwenye bajeti inayoanza Julai, pamoja na gari litakaloifuata na siku ya kuifuata, na kwamba ukirudi unarudi kata yako, usihamishwe kwa angalau miaka miwili. Aandike wakati bado anakuhitaji umletee sifa. Ukisharudi, barua kama hiyo haiandikwi.

Nyumbani sina mengi. Mumeo ni mtu mwema, maana wengi wangekukatalia safari zote mbili. Mshukuru, kisha mwonyeshe hesabu ya makato ya miaka minne kwa shilingi, mwezi kwa mwezi. Jina la Uholanzi litapungua utamu lenyewe. Mtoto wa miaka miwili atalia siku za mwanzo, kisha atamzoea bibi yake, ila huyo bibi ndiye wa kubembelezwa. Usibishane naye. Kama ana ng'ombe, wapime mimba bila malipo, majirani wakiwapo, umtajie kila mmoja atazaa mwezi gani. Ndama wakianza kudondoka kwenye miezi uliyoitaja, habari ya aibu ataitangaza mwenyewe kwa jina lingine.

Sasa baba yako. Mwambie kwa adabu kwamba mitamba yote, hapana. Mtamba mdogo wa asili ukimpa mbegu ya dume kubwa la Ulaya, kwenye kuzaa mnaweza kumpoteza yeye na ndama. Kati ya ng'ombe wake wengine achague wachache waliokwisha kuzaa, wanaokamuliwa, wenye mwili mkubwa kidogo, hao ndio wapate mbegu ya Friesian, ng'ombe wa maziwa wa Ulaya. Uzao wa kwanza utapendeza mpaka atatamani kuongeza, na hapo ndipo pa kumshika mkono. Chotara wale wakipandishwa Friesian tena, ndama wao wana robo tatu ya damu ya Ulaya, na kwenu hao jua litawatesa na ndigana kali, ugonjwa wa kupe, itawamaliza. Chotara warudishiwe dume la Sahiwal, Mpwapwa au Boran mzuri. Mitamba aendelee kuipandisha dume lake bora la asili. Wala hilo si dogo, kwa sababu yeye mwenyewe anajua mama wa dume hilo alivyokuwa akikamulika.

Kisha mpangie miezi. Ng'ombe akihimilishwa Machi atazaa Desemba, majani yakiwa yanachipua, na maziwa yatakuwepo. Ila miezi mitatu ya mwisho ya mimba itaangukia Septemba, Oktoba na Novemba, kiangazi chenyewe, na ndama tumboni hukua zaidi miezi hiyo. Kwa hiyo mabua ya mtama yakusanywe mara baada ya mavuno, kabla mifugo ya wapita njia haijayamaliza shambani, na aweke magunia ya mashudu ya alizeti mapema, wakati viwanda vinakamua na bei iko chini. Ukiona stoo yake imejaa, mfungulie mtungi.

Mjomba